Somo: Jiwe linang'aa kama risasi, ni galena ama bunonaiti?

Watu wa Kakamega na Migori mmenitumia mapicha ya mawe mpaka simu imejaa, na kwa picha mimi sijui kitu, kila jiwe linakaa fedha. Tupime basi.

Bunonaiti ni risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki), shaba, antimoni na salfa pamoja (PbCuSbS3). Ilipewa jina la Mfaransa de Bournon mwaka 1805. Inapatikana kwa mishipa ya kwatsi (lile jiwe gumu jeupe kama kioo) iliyopitiwa na maji moto ya chini ya ardhi, mara nyingi imekaa na galena (hiyo ni risasi na salfa tu), na vipande vya kupendeza vilitoka mgodi wa Herodsfoot, Cornwall, Uingereza. Fuwele zake hushikana pacha, ukiangalia pembeni unaona meno, kabisa kama sproketi ya bodaboda.

1. Vunja kona mbaya, sio ile nzuri (mimi niliwahi kupasua fuwele yenye meno yote, bado inaniuma). Galena hukatika vijisanduku, bunonaiti hupasuka ovyo.

2. Kwaruza na kisu. Kikiteleza achana nayo, zote mbili ni laini, ugumu 2.5 hadi 3.

3. Hapa ndio kazi. Pima jiwe kavu kwa mizani ya jikoni, tuseme gramu 58. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sufuri, funga jiwe na uzi ulizamishe bila kugusa chini wala kando. Ikisoma 10, gawa 58 kwa 10, ni 5.8, yaani uzito wa jiwe ni mara 5.8 ya maji ya ukubwa huo huo, bunonaiti iko hapo. Galena ingekupa kama 7.5. Lakini jiwe likiwa na kwatsi ndani hesabu inashuka, usidanganyike.

Nawa mikono, hiyo ni risasi.

MASWALI

Swali (Ikolomani): Mwalimu, yangu inang'aa lakini kisu hakiingii?
Jibu: Hiyo pengine ni pairaiti ama asenopairaiti ndugu yangu, hizo ni ngumu.

Swali (Nyatike): Nikichoma kwa jiko si risasi itatoka?
Jibu: Wacha kabisa! Moshi wake ni sumu, na watoto wako hapo nyumbani.

Swali (Kisumu): Mizani yangu ni ya nyama, inarukaruka gramu 5.
Jibu: Dada, enda kwa sonara umwombe yake dakika mbili, ubebe na soda.