Namna ya Kuishi na Mbwa au Paka Bila Kuambukizana Bakteria wa Utumbo

Anayefuga mbwa au paka ndani ya nyumba hugawana naye bakteria apende asipende. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha familia 60, ulionyesha kwamba bakteria wa ngozi ya mtu mzima hufanana zaidi na wa mbwa wake kuliko wa mbwa wa wengine. Wengi wa bakteria hao hawana madhara, kwa hiyo kumwogesha mnyama kwa dawa kali kila siku ni kujisumbua bure. Kinachotakiwa ni kuziba njia ya kinyesi hadi mdomoni, ambamo hupita salmonela na kampilobakta, bakteria wanaosababisha kuharisha, na mnyama huweza kuwabeba bila kuonekana mgonjwa.

Anzia jikoni. Matumbo na vichwa vya kuku vichemshwe mpaka viive kabisa kabla ya kumpa mbwa, kwani kugandisha nyama hakuui salmonela wote. Chombo chake kioshwe kwa sabuni kwenye beseni lake, na kisuguliwe kwa sifongo isiyogusa vikombe vya watoto.

Kinyesi kiokotwe kila siku na kisitumiwe kamwe kuwa mbolea ya mchicha. Baada ya hapo nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, ukisugua na chini ya kucha.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa mtoto wa mbwa aliyeletwa karibuni, hasa akiharisha. Kati ya mwaka 2016 na 2018, zaidi ya watu 100 nchini Marekani waliugua kampilobakta iliyohusishwa na watoto wa mbwa wa madukani. Bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa nyingi, na ilibainika kwamba karibu watoto wote wa mbwa waliochunguzwa walikuwa wamepewa antibiotiki, wengi wao bila hata kuugua. Basi usimpe mnyama vidonge vilivyobaki kabatini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na hadi apone, watoto wa chini ya miaka 5, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike wala wasilambwe usoni.

Mtu wa nyumbani akiharisha damu au akipata homa pamoja na kuharisha, awahi hospitali, na amweleze daktari, hata asipoulizwa, kwamba anaishi na mnyama na kama mnyama huyo naye anaharisha.