Michikichi 400 na RAM ya GB 8: ninavyochagua mashine ya kurenda

Mteja alitaka nyumba yake ya wageni ionekane pale pale itakapojengwa: mteremko unaoshuka ziwani, maji ya Tanganyika kwa nyuma, michikichi pembeni. "Dada, bila michikichi hapo si Kigoma," akaniambia. Nikaipanda 400 kwenye Blender, programu ya kuchora 3D, nikaanza kurenda (yaani kompyuta kugeuza mchoro kuwa picha kamili) saa mbili usiku, nikalala. Asubuhi picha haijafika hata robo. Laptopu ina moto kama kikaango, na taa ya diski haizimiki.

Nikasema prosesa imechoka. Kumbe haikuwa na kosa. RAM ya GB 8, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilikuwa imejaa, Windows ikawa inaupeleka mzigo kwenye diski na kuurudisha, huku prosesa imekaa inasubiri. Ni kama kuajiri vibarua kumi wa zege na kuwapa ndoo moja.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kitu chochote, fungua kazi yako nzito kuliko zote, anza kurenda, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager ya Windows na utazame. Kama kumbukumbu imepita asilimia 90 na prosesa inapanda na kushuka bila kufika 100, unakosa RAM. Kama prosesa iko 100 muda wote na kumbukumbu ina nafasi, basi hapo ndipo fedha ya prosesa inapostahili kwenda. Ukiwa na RAM pungufu kazi inaweza isiishe kabisa, lakini ukiwa na prosesa dhaifu itaisha, ila kwa kuchelewa. Ndiyo maana mimi huanza na RAM.

Hata hiyo RAM usiinunue kabla hujasafisha faili lako. Mchikichi wangu mmoja ulikula kama MB 150. Nilikuwa nanakili kwa Shift+D, ambayo inatengeneza mti mpya mzima kila mara: 400 mara 150 ni MB 60,000, yaani GB 60. Kwa Alt+D miti yote inatumia umbo moja lililohifadhiwa mara moja, na kila nakala inaongeza kidogo mno. Wanaotumia SketchUp, programu nyingine ya kuchora, wafanye mti kuwa komponenti, umbo moja linalorudiwa. Shamba lile lile, siku ya pili, liliingia kwenye laptopu ile ile. Niliona aibu kidogo.

Kinachofuata ni picha zinazovikwa ukuta, vigae na majani. Usidanganywe na ukubwa wa faili la JPG, kwa sababu wakati wa kurenda picha hufunguliwa yote. Picha ya 4096 kwa 4096, yenye baiti nne kwa kila nukta, ni MB 64. Ya 8192 kwa 8192 ni MB 256. Weka ishirini za namna hiyo na GB 5 zimekwenda, pengine kwa ajili ya jiwe lililo mita hamsini kutoka kwenye kamera. Mbali na kamera mimi naweka 2048, na hakuna mteja aliyewahi kugundua.

Ukishasafisha, pima tena. Chukua kiasi kilichotumika wakati wa kurenda, ongeza kile cha programu unazoacha wazi, kisha acha theluthi ya ziada. Kwa nyumba ya kawaida na bustani yake, GB 32 zinanitosha. Kwa eneo zima lenye miti na majengo kadhaa nataka 64. Sijawahi kuhitaji 128, na anayekuambia uanze na 128 muulize anachora nini.

Sasa prosesa. Kurenda ni kazi inayogawanyika vizuri: picha inakatwa vipande, kila kori, yaani kila kitengo cha kazi ndani ya prosesa, inachukua chake. Kori nyingi zinasaidia kweli. Lakini kuchora, kuzungusha umbo, kusogeza ukuta, sehemu kubwa hufanywa na kori moja, na hapo kinachohesabika ni kasi ya kori hiyo. Mashine yangu ya pili ilinifundisha tofauti hii. Ilikuwa HP Z440 ya mtumba yenye Xeon E5-2680 v4, prosesa ya Intel ya seva: kori 14, nyuzi 28 (kazi 28 kwa wakati mmoja), kasi ya msingi gigahezi 2.4. Kurenda ilikuwa raha. Kuzungusha ramani yenye samani, unasukuma kipanya na kusubiri. Nami kwa siku nachora saa sita, narenda mbili.

Bado siidharau. Kwa anayeanza, mashine kama hiyo ina matundu manane ya RAM na njia nne za kuisomea, ujaze vijiti (vipande vya RAM) vinne au vinane vinavyofanana ili njia zote zifanye kazi. Ila RAM yake ni ile ya seva, na nilipohamia Ryzen 9, prosesa ya AMD, nilidhani nitaichomoa na kuendelea nayo. Haikukubali. DDR4, aina ya RAM, ni DDR4 kwa jina, lakini ya seva haifanyi kazi kwenye bodi za kawaida, zile sahani zinazobeba prosesa na RAM. Niliiuza kwa hasara.

Ryzen 9 5950X ina kori 16 na hutumia DDR4. 7950X ina kori 16 pia, ina kasi zaidi, lakini bodi yake inataka DDR5 tu, kizazi kipya zaidi cha RAM. Hapo kwenye DDR5 angalia sana idadi ya vijiti: kwa 7950X, AMD wanaandika kasi ya 5200 ukiwa na vijiti viwili, na 3600 ukijaza vinne. Nunua viwili vya GB 32 tangu mwanzo, usinunue vinne vya 16. Kijiti kimoja peke yake nacho ni kosa, maana unatumia njia moja kati ya mbili.

Herufi za mwisho wa jina zina maana. Intel yenye F haina uwezo wa kutoa picha bila kadi ya picha, na 5950X ni hivyo hivyo. Nilishawahi kukaa jioni nzima mbele ya skrini nyeusi kwa kutojua hilo. Kwa Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, mwaka 2024 kampuni yenyewe ilikiri kwamba baadhi zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi na kuharibika, ikatoa marekebisho ya BIOS, programu ya bodi inayowasha kompyuta. Mpya, sasisha BIOS kwanza. Ya mtumba, mimi naipita.

Ukirenda kwa kadi ya picha, mengi ya haya yanabadilika, na kumbukumbu ya kadi ndiyo inakuwa ndoo yako. Kati ya programu za kurenda, Corona inatumia prosesa tu. Cycles na V-Ray zinakubali vyote viwili.

Chumba changu kipo Mwanga, juu ni bati. Saa nane mchana prosesa inayochemka hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo nimeweka 7950X kwenye Eco Mode, hali ya kutumia umeme kidogo, ndani ya BIOS. Wati zinashuka sana, muda wa kurenda unaongezeka kidogo tu. Hesabu ya LUKU ni rahisi: mashine inayovuta wati 300 kwa saa nane imekula uniti 2.4. UPS iliyoandikwa 1000VA mara nyingi inabeba kama wati 600, na kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi. Video usiirende kama faili moja. Toa picha moja moja za PNG, umeme ukikatika unapoteza fremu moja.

Vifaa vyangu hutoka Dar. Mdogo wangu aliyeko kule huunganisha mashine, anawasha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, na kijiti chenye kosa hata moja kinarudi dukani asubuhi. Kisha anafungua feni kubwa ya prosesa na kuifunga kwenye boksi lake. Uzito ule ukiachwa unaning'inia kwenye bodi, matuta ya njiani yataimaliza kabla haijafika Kigoma.