Kubadilisha prosesa ya deskitopu ya mtumba bila kuumia mfukoni

Wengi wanaoniletea deskitopu zao hapa Mwanakwerekwe, Unguja, wanaanza na neno moja tu, "fundi nitilie i7", yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel yenye nguvu zaidi. Mie nawauliza bodi gani (ule ubao mkuu unaobeba prosesa), hapo ndo kimya. Basi leo nawaandikia nnavyofanya mwenyewe, na mfano wangu ni kijana mmoja anaepiga video za harusi, ana Dell OptiPlex 3020 ya mtumba yenye i3-4130, video ya urefu wa masaa matatu anaiexpoti (kuitoa iwe faili kamili) usiku kucha na asubuhi bibi harusi kashapiga simu mara nne.

Hatua ya 1: hakikisha mgonjwa ni prosesa kweli. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Performance, iache wazi halafu fanya ile kazi inayokukera. Ukiona CPU (ndo hiyo prosesa) imeganda kwenye asilimia 100 na diski imetulia, haya, prosesa. Ila ukiona diski ndo ipo 100 na CPU inacheza kwenye 20, jamani hata uweke prosesa ya aina gani utalia vilevile, nunua SSD (diski ya kasi). Ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) nayo kama ni GB 4 anzia hapo, GB 8 ndo kianzio, na bora vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8. Nusu ya wateja wangu wanaishia hatua hii na wanaondoka wanacheka.

Hatua ya 2: jua soketi, pale prosesa inapokaa kwenye bodi. Hapa ndo pesa za watu zinapopotea. Pakua CPU-Z, ni ya bure, itakwambia prosesa uliyonayo, bodi na soketi. Intel jenereshen (kizazi, ndo namba ya kwanza baada ya kistari, i3-4130 ni ya 4) ya 2 na ya 3 ni LGA 1155, ya 4 ni LGA 1150, haziingiliani hata kidogo. Ya 6 na 7 ni LGA 1151, ya 8 na 9 nazo zimeandikwa LGA 1151, mtu anaona namba moja ananunua, anafika nyumbani mashine haiwaki, kwa sababu chipseti (chipu inayoongoza bodi) ni nyengine. Mwenye bodi ya AMD ya AM4 ana bahati, soketi hiyo imebeba Ryzen kutoka 1000 mpaka 5000, lakini angalia kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi kama prosesa unayoitaka imo, na upandishe bayosi (programu ya bodi inayoiwasha mashine) iwe toleo jipya KABLA hujatoa ile ya zamani.

Hatua ya 3: kuchagua. Yule kijana wa harusi bodi yake LGA 1150, kwa hivyo ana chaguo mbili: i5-4590 yenye kori 4 (vichwa vya kufanya kazi), au i7-4770 yenye kori 4 na thredi 8 (kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja). Kwa ofisi, steshenari na mtoto wa skuli i5 inatosha na inabaki. Yeye nilimwambia achukue i7 kwa sababu kuexpoti video kunakula thredi zote. Na soma herufi ya mwisho, tafadhali! i5-4570 ina kori 4 ila i5-4570T ina kori 2 tu, nshaona mtu kauziwa hiyo kwa bei ya ile akaja kunilaumu mie. Xeon E3-1230 v3 (prosesa ya Intel ya seva) nayo huwa rahisi, lakini haina grafiki ndani, kama huna kadi ya grafiki skrini itakuwa nyeusi tu.

Na usizidishe pesa. Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya 8 kwenda mbele. Kama bei ya i7 ya zamani inakaribia nusu ya bei ya mashine nzima ya jenereshen ya 8, iache, kusanya pesa ununue hiyo mashine.

Hatua ya 4: kufunga. Kama unapandisha bayosi chomeka kwenye UPS (betri ya akiba), umeme wetu mnaujua, ukikatika katikati bodi imekwenda. Washa mashine dakika kumi pesti ya zamani (ule uji wa kupitisha joto juu ya prosesa) ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza pawa mara moja ule umeme uliobaki uishe. Fungua skrubu za hitisinki (chuma cha kupozea chenye feni) kwa mshazari, futa pesti kwa spiriti, na piga brashi lile feni, huku kwetu vumbi likichanganyika na chumvi ya bahari linakuwa kama ugali. Inua kishikio, toa prosesa ya zamani, na kwenye soketi usiguse pini hata kwa kidole. Linganisha kipembetatu cha dhahabu cha prosesa mpya na alama ya kwenye soketi, iache ishuke yenyewe, USIIKANDAMIZE, teremsha kishikio. Pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, rudisha hitisinki kwa mshazari tena, na waya wa feni usisahau (mie nshausahau, miaka yote hii ya ufundi).

Hatua ya 5: ipime joto. i3-4130 ni wati 54, i7-4770 ni wati 84, kwenye kasha dogo hilo ni joto la maana, khasa kipindi cha kaskazi chumba hakina kiyoyozi. Weka Core Temp (programu ya kupima joto la prosesa), endesha ile kazi yako nzito nusu saa. Chini ya digrii 80 tulia, ikigonga 95 fungua uangalie pesti na feni upya, ikifika 100 inajipunguza kasi yenyewe na i7 yako inakuwa ya jina tu.

Ile i3 ya zamani usiitupe, izungushie foili uitie kwenye kiboksi, mafundi tunazinunua za kupimia bodi.