Hedifoni za plana: namna ya kukokotoa nguvu zinazohitaji, kuchagua amplifaya na kuzitunza

Hedifoni ya kawaida hutoa sauti kwa koni ndogo inayosukumwa na koili iliyofungwa nyuma yake. Hedifoni ya plana haina koni. Ndani yake mna kiwambo chembamba mno, kilichochapwa njia za metali zinazopitisha umeme na kuwambwa mbele ya safu ya sumaku au katikati ya safu mbili. Umeme wa muziki unapopita katika njia hizo, kiwambo husukumwa karibu kote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hedifoni hizi husifiwa kwa besi inayoshuka hadi chini kabisa bila kunywea na kwa upotoshaji mdogo wa sauti. Wazo hili si geni, kwa kuwa Yamaha ilitoa HP-1 yake mwaka 1976, ila lilirudi kwa nguvu kuanzia karibu mwaka 2010, pale Audeze ya California na HiFiMan zilipoanza kuuza hedifoni za plana za daraja la juu. Anayezimiliki hulipa kwa namna mbili zaidi ya bei: hubeba uzito wa sumaku kichwani, na katika baadhi ya modeli hulazimika kutafuta amplifaya yenye nguvu za kutosha.

Nimesema baadhi ya modeli kwa makusudi. Wanunuzi wapya huambiwa kwamba kila hedifoni ya plana inadai amplifaya kubwa, na kauli hiyo imewagharimu wengi fedha ambazo zingeweza kununua hedifoni bora zaidi. Hitaji la nguvu hukokotolewa kwa namba mbili zinazoandikwa na mtengenezaji, na kazi hiyo inafaa ifanywe kabla ya kwenda dukani.

Kukokotoa nguvu

Namba ya kwanza ni unyeti, yaani kiwango cha sauti ambacho hedifoni hutoa inapopewa miliwati 1 ya umeme. Namba ya pili ni impedansi, yaani ukinzani wake dhidi ya umeme wa muziki, unaopimwa kwa omu. Hakikisha kwanza unyeti umeandikwa kwa miliwati, kwa sababu watengenezaji wengine huuandika kwa volti 1, na kwa hedifoni ya omu 20 tofauti ya namba hizo mbili hufikia desibeli 17. Anayechanganya vipimo hivyo huweza kuamini kwamba hedifoni ngumu kuendeshwa ni nyepesi.

Baada ya hapo amua kiwango cha juu unachotaka kilele cha muziki kifikie. Mimi hupendekeza desibeli 110. Sababu si kwamba mtu asikilize kwa sauti hiyo. Muziki wa okestra unaosikilizwa kwa wastani wa desibeli 75 hadi 80 huwa na vilele vinavyoupita wastani kwa desibeli 20 au zaidi, na vilele hivyo ndivyo amplifaya dhaifu huvikata. Toa unyeti kutoka 110 upate pengo la kuzibwa. Kila desibeli 10 za pengo huzidisha nguvu mara 10, na kila desibeli 3 huizidisha takriban mara 2.

Tuchukue Susvara ya HiFiMan, iliyotoka mwaka 2017 kwa bei ya dola 6,000 za Marekani. Unyeti wake ni desibeli 83 na impedansi yake ni omu 60. Pengo ni desibeli 27, hivyo inahitaji takriban miliwati 500. Ili kupata volti, zidisha wati kwa omu kisha tafuta kipeuo cha pili: 0.5 mara 60 ni 30, na kipeuo chake ni takriban 5.5. Volti hizo zikigawanywa kwa omu 60 zinatoa mkondo wa miliampia 91 hivi. HE-6 ya kampuni hiyohiyo, yenye unyeti wa desibeli 83.5 na omu 50, huangukia karibu palepale, na ndiyo iliyowafanya wapenzi wa sauti kuichomeka kwenye amplifaya za spika.

Sasa linganisha na LCD-X ya Audeze, ambayo nayo ni ya plana na ya bei kubwa. Unyeti wake ni desibeli 103 na impedansi yake omu 20. Pengo ni desibeli 7 tu, nguvu inayohitajika ni miliwati 5, na volti hazifiki hata 0.4. Adapta ndogo ya simu inayotoa volti 1 huifikisha mahali hapo bila shida. Katikati yao iko Sundara ya HiFiMan, yenye unyeti wa desibeli 94 na omu 37, inayohitaji takriban miliwati 40 na volti 1.2. Kwa hiyo kati ya hedifoni mbili za daraja la juu, moja hudai nguvu mara 100 ya mwenzake, na zote mbili ni za plana. Ukishaiona tofauti hii, huwezi tena kukubali ushauri wa jumla wa muuzaji.

Kusoma karatasi ya amplifaya

Watengenezaji wa amplifaya hupenda kutangaza nguvu kwa omu 16 au 32, mahali ambapo namba huonekana kubwa, na pengine kwa omu 300. Hedifoni yako ya omu 60 haimo humo, na huna budi kuitafutia jibu mwenyewe. Chukulia amplifaya inayotoa wati 2 kwa omu 32 na miliwati 400 kwa omu 300. Namba ya omu 300 huonyesha kikomo cha volti: 0.4 mara 300 ni 120, na kipeuo chake ni karibu volti 11. Namba ya omu 32 huonyesha mkondo ambao amplifaya ina hakika ya kuutoa: kwa wati 2 ni volti 8, nazo zikigawanywa kwa 32 zinatoa miliampia 250. Volti 11 kwenye omu 60 zitahitaji miliampia 183, ambazo ziko ndani ya uwezo huo, hivyo amplifaya hii itatoa wati 2 hivi kwa Susvara. Hiyo ni nguvu mara 4 ya ile tuliyoikokotoa, na ziada hiyo inatosha.

Ziada kubwa kupita hapo haiongezi uzuri wowote wa sauti. Nalisema hili nikijua kwamba wengi hawakubaliani nalo. Amplifaya isiyokata vilele, yenye kelele ndogo na upotoshaji mdogo, imekwisha kutimiza wajibu wake, na fedha zinazobaki zina faida zaidi zikiwekwa kwenye hedifoni yenyewe au kwenye mito mipya ya masikio. Kuhusu waya wa bei ghali, shauri langu ni kununua waya ulio mwepesi, laini na wenye plagi imara, basi.

Kuna jambo moja ambalo hedifoni za plana humrahisishia mmiliki. Impedansi yao hubaki karibu ileile katika masafa yote, kwa kuwa njia za metali katika kiwambo hufanya kazi kama ukinzani mtupu. Hedifoni ya koili kama HD 600 ya Sennheiser huandikwa omu 300, lakini katika besi hupanda na kupita 500, hivyo amplifaya yenye ukinzani mkubwa wa kutolea sauti huibadilisha mizani yake ya sauti. Kwa plana mizani haibadiliki, ila nguvu ndiyo hupotea: LCD-X ya omu 20 ikiunganishwa na amplifaya yenye ukinzani wa kutolea wa omu 10 hupoteza theluthi moja ya volti. Kwa hiyo tafuta amplifaya ambayo ukinzani huo hauzidi omu 2 hivi.

Njia ya balansi, yenye plagi ya XLR ya pini nne au ya milimita 4.4, hutumia saketi mbili kwa kila sikio na huweza kuongeza volti mara 2, maana yake nguvu hadi mara 4 iwapo mkondo unaruhusu. Kwa Susvara inafaa sana. Kwa LCD-X haina lazima.

Swichi ya geini, yaani ya kiasi ambacho amplifaya hukuza ishara, huanzwa chini. Vigeuzi vingi vya dijiti vya mezani (DAC, vinavyogeuza muziki wa dijiti kuwa ishara ya umeme) hutoa volti 2 kwa njia ya RCA na volti 4 kwa XLR, na kwa LCD-X volti 2 tayari ni nyingi kupita kiasi, kiasi kwamba geini ya juu itakulazimu kuishi na kitufe cha sauti kikiwa karibu na sifuri, mahali ambapo sikio la kushoto na la kulia mara nyingi hazilingani. Panda geini pale tu kitufe kinapokaribia mwisho na sauti bado haijatosha.

Anayetaka kutumia amplifaya ya spika kwa HE-6 au Susvara anaweza, lakini kuna hatari anayopaswa kuifahamu. Amplifaya nyingi za daraja la D huendesha pande zote mbili za spika kwa umeme, bila kuwa na upande wa ethi, yaani upande wa sifuri ulio wa pamoja. Hedifoni yenye plagi ya kawaida ya pini tatu huunganisha pande hasi za masikio yote mawili, na kuichomeka humo ni kupiga shoti. Tumia waya wa pini nne pekee, washa mashine sauti ikiwa sifuri, na upandishe polepole mno, kwa sababu amplifaya hizo zina nguvu za kuunguza kiwambo kabla hujawahi kuivua.

Amplifaya iliyotumika, au iliyoundwa na fundi wa mtaani, ipimwe umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kwenye tundu la kutolea kabla ya kuchomekewa hedifoni ya thamani. Weka mita kwenye volti za DC, punguza sauti hadi sifuri, pima kati ya ethi na kila upande bila kugusanisha ncha mbili. Milivolti chache hazina neno. Zikizidi 50, irudishe kwa fundi.

Ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha au kushusha besi na masafa mengine, nayo ni rafiki wa plana, kwa kuwa upotoshaji wao mdogo wa besi huwaruhusu kupandishwa bila kukwaruza. Ila kumbuka hesabu: kupandisha besi kwa desibeli 6 ni kudai nguvu mara 4 katika masafa hayo, na kiwango cha jumla kwenye programu kishushwe kwa desibeli hizohizo 6 ili ishara ya dijiti isikatwe.

Umeme wa nyumbani na utunzaji

Tanzania na Kenya hutumia umeme wa volti 230 hadi 240, wakati Marekani hutumia 120. Amplifaya iliyoagizwa kutoka huko ikaguliwe nyuma kabla ya kuchomekwa ukutani, kwani nyingine zina swichi ya kuchagua volti na nyingine hazina kabisa. Transfoma ya kushusha hupunguza volti lakini haibadilishi hezi 50 kuwa 60, na mashine iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee huweza kupata joto. Penye umeme unaopandapanda na kukatika, stabilaiza au UPS ni sehemu ya gharama ya kumiliki mashine hizi, na inafaa ihesabiwe tangu mwanzo.

Kiwambo ndicho kitu cha kuogopewa zaidi. Ni chembamba kiasi kwamba hewa iliyobanwa ghafla huweza kukikunja, hivyo usiibandike hedifoni sikioni kwa kishindo wala kuubana mto wake kwa mkono. Ivae kwa kuanza na ukingo wa chini au wa mbele, hewa ipate pa kutokea, na uivue vivyo hivyo. Usipulize ndani yake kwa mdomo au kwa mashine ya upepo. Usiiweke mezani kwenye vumbi la chuma, kwa mfano karibu na meza ya fundi, kwa sababu sumaku itayavuta hayo mavumbi hadi yakwaruze kiwambo. Sumaku hizo pia ni za kuwekwa mbali na kadi za benki zenye mstari wa sumaku, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwulize daktari wake kabla ya kuivaa.

Mito ya masikio huchakaa kabla ya kitu kingine chochote, hasa katika joto na unyevu wa pwani, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja. Ngozi bandia hubanduka, na sifongo hulala. Ifute jasho kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, na uihifadhi hedifoni ndani ya sanduku lenye vifuko vya silika, ukivibadilisha vikishashiba unyevu. Mto uliolala huleta sikio karibu na kiwambo na kubadilisha sauti, na mto usiogusa vizuri hupoteza besi; hivyo mwenye miwani, nywele zilizosukwa au hijabu ajaribu mkao tofauti kabla ya kuilaumu amplifaya. Uzito nao usipuuzwe. LCD-X ina gramu zaidi ya 600, na ukanda mpana wa kichwani una faida kubwa kuliko waya wa fedha.

Nguvu zote hizi zisimsahaulishe mtu masikio yake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu. Plana hudanganya hapa, kwa sababu sauti isiyokwaruza haimchoshi msikilizaji, naye hupandisha bila kutambua.

Siku ambayo sikio moja litapungua sauti, usikimbilie kufungua hedifoni. Geuza hedifoni kichwani kwanza: udhaifu ukibaki sikio lilelile lako, tatizo ni la masikio yako au la nta iliyomo. Ukihama, irudishe kama kawaida, kisha badilisha plagi za waya kati ya vikombe viwili. Udhaifu ukihamia kikombe kingine, kosa liko kwenye waya, amplifaya au chanzo cha muziki, na waya wa pili utaonyesha ni kipi. Ukibaki kwenye kikombe kilekile, kosa liko ndani yake, na hapo ndipo risiti na hati ya udhamini vinapohitajika, kwa kuwa matengenezo ya nyumbani ya kiwambo cha plana karibu kila mara humaliza kile kilichokuwa kimebaki.