Namna ya kusikiliza Thick as a Brick bila kuikatakata

Albamu hii ya Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, ya mwaka 1972 ni wimbo mmoja wa karibu dakika 44. Umegawanywa sehemu mbili kwa kuwa santuri ina pande mbili, basi. Ukiusikiliza nusunusu kwenye daladala, hujausikia.

1. Pakua kwanza. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama MB 105.

2. Rekebisha simu. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Zima pia ule mpangilio unaofifisha mwisho wa wimbo mmoja huku ukiingiza mwingine: upande wa kwanza unafifia wenyewe na wa pili unaanza na upepo, kwa hiyo programu ikiingilia, vyote viwili vinamezwa. Kama toleo lako limekatwa vipande vingi, washa uchezaji usio na mwanya, la sivyo utasikia kimya cha ghafla katikati ya mdundo. Ekwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti nyembamba, iache sifuri. Ukiongeza besi, gitaa la Ian Anderson, mwimbaji na kiongozi wa bendi, linazama, na kazi yote imejengwa juu ya gitaa hilo. Usawazishaji wa sauti nao uzime, hasa ule wa "sauti kubwa", maana unabana tofauti kati ya utulivu na kishindo.

Sauti usiipange kwa kufuata mwanzo, kwani mwanzo ni mpole mno. Ruka hadi dakika ya 4, bendi ikiwa imeshaingia, weka kiwango ambacho masikio yanastahimili, kisha rudi sifuri. Hedifoni za waya zinatosha kabisa. Spika ya simu isahau.

3. Tafuta gazeti. Jalada la santuri ni gazeti la kubuni la kurasa 12, lenye habari za mtoto Gerald Bostock anayedaiwa kuandika shairi hili. Mashairi ni ya Anderson mwenyewe, na gazeti ni sehemu ya utani wake kwa albamu za dhana, zile ambazo nyimbo zake zote hubeba wazo moja.

4. Sikiliza. Mara ya kwanza usisome maneno. Fuata ile sauti ya gitaa ya mwanzoni: inapotea, inarudi imebadilishwa, na ndiyo inayofunga upande wa pili. Kinanda cha John Evan ndicho kinachokuvusha kutoka sehemu moja hadi nyingine. Solo ya ngoma ya Barriemore Barlow, mapema upande wa pili, usiiruke.

5. Rudia na maneno mkononi. Anza na mchanganyo wa awali, yaani jinsi sauti za vyombo zilivyounganishwa mwanzoni. Ule wa mwanamuziki Steven Wilson wa 2012 uuweke kwa mara ya pili, kwa sababu unatenganisha vyombo vizuri zaidi.