Kupima mtetemo wa mota kubwa za pampu za ziwani

Mota zinazopandisha maji ya Ziwa Victoria kwenda kwenye matangi ya vilima vya Mwanza huzunguka usiku na mchana, na beringi ikifa ghafla inaweza kuondoka na rota (sehemu ya mota inayozunguka). Ndiyo maana mtetemo hupimwa mapema.

Chagua sehemu tano na uzitie alama ya kudumu: kila beringi kwa mlalo na kwa wima, kisha moja kwa mwelekeo wa shafti upande wa kaplingi (kiungo cha mota na pampu). Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, kwa sababu rangi nene humeza mitetemo ya kasi, nayo ndiyo hutangulia kutangaza beringi inayochoka. Sumaku inayoshikilia sensa (kifaa kinachohisi mtetemo) iinamishe, ikae taratibu. Ikijibamiza inaweza kuharibu sensa. Kava ya feni usiiguse, bati lina mtetemo wake.

Kila kipimo kiandikwe na ampea, shinikizo la pampu na joto la beringi. Kipimo cha valvu nusu wazi hakilinganishwi na cha valvu wazi kabisa.

Kwa mota ya zaidi ya kW 300 kwenye msingi mgumu, kiwango cha kimataifa ISO 10816-3 (leo ISO 20816-3) huweka mipaka ya kasi ya mtetemo ya 2.3, 4.5 na 7.1 mm/s rms (aina ya wastani). Chini ya 2.3 ni hali ya mashine mpya, mpaka 4.5 inaweza kufanya kazi kwa muda mrefu. Ikizidi hapo panga matengenezo, na juu ya 7.1 inaharibika. Hata hivyo, mota iliyopanda kutoka 1.2 hadi 2.4 kwa mwezi mmoja inatisha kuliko iliyokaa 3.5 miaka yote.

Kisha soma masafa, yaani mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde (Hz), kwenye grafu ya kipimo. Mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) inayozunguka mara 1,485 kwa dakika ina 24.75 Hz. Kilele kikubwa hapo mara nyingi ni rota isiyo na mizani. Kikiwa kwenye masafa mara mbili ya hayo, kagua ulinganifu wa kaplingi. Vilele vidogo umbali wa 1 Hz kila upande, pamoja na mngurumo unaopanda na kushuka, huashiria fito za rota zilizokatika. Hizo hujificha mota ikiwa haina mzigo.

Kilele cha 100 Hz hutia shaka umeme, kwa kuwa gridi yetu ni 50 Hz. Kwa mota ya poli mbili ni mtego: mara mbili ya mzunguko wake ni karibu 99.3 Hz. Kubaliana na waendeshaji, ukate umeme huku ukitazama kipimo. Kilele kikitoweka papo hapo, chanzo ni umeme. Kikishuka pamoja na mzunguko, ni mitambo. Kabla ya kulaumu koili, funga umeme kwa kufuli, legeza bolti za miguu moja moja, na pima kwa dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo sana). Mguu ukiinuka zaidi ya mm 0.05 fremu inapindika. Weka chini yake shimu (kipande chembamba cha bati) ya unene huo.

Kelele kama kokoto ndani ya pampu isikufanye ununue beringi haraka. Tazama kwanza geji ya upande wa kuvuta: magugu maji yakiziba chujio, pampu hukosa maji na kutoa kelele hiyohiyo.

Pampu ya akiba nayo ibadilishane zamu kila wiki, maana mtetemo wa jirani huchimba vishimo kwenye beringi iliyosimama.