Umekosa hedhi? Anza na tarehe

Dada, ukiambiwa una mimba ya wiki 5 usianze kugombana na mwenzako kuhusu hesabu. Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwa hiyo wiki 2 hivi za mwanzo hukuwa na mimba kabisa. Iandike tarehe hiyo, kliniki wataiulizia.

Kipimo cha mkojo subiri hadi siku uliyotarajia hedhi, utumie mkojo wa kwanza wa asubuhi. Hakijaonyesha kitu na hedhi bado? Rudia baada ya wiki.

Matiti kuuma na usingizi usioisha huja mapema. Kichefuchefu mara nyingi huanza karibu na wiki ya 6, na wala hakichagui asubuhi. Wengine hawakipati kabisa, na mimba zao ziko salama. Hamu ya kula udongo mwambie nesi, huenda damu imepungua.

Usingoje tumbo lionekane ndipo uanze asidi ya foliki (vitamini ya vidonge), mikrogramu 400 kila siku. Uti wa mgongo wa mtoto unajiunda wiki hizi hizi. Dawa za dukani, na mitishamba ya mama mkwe pia, uliza kwanza.

Matone machache ya damu huwapata wengi, yaripoti kliniki. Lakini maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka au maumivu ya ncha ya bega: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.